Jicho la Mbali na Jicho la Karibu

Somo juu ya tiba mtandao kwa watoto wagonjwa wa Masasi na Newala

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo liitwalo siku hizi tiba mtandao. Maana yake ni hii: mganga aliye karibu na mgonjwa humwuliza mganga aliye mbali, mwenye ujuzi zaidi katika ugonjwa ule, kwa njia ya simu au kompyuta, naye hujibu, na mgonjwa hutunzwa kwa shauri lile, bila kulazimika kusafiri kwanza. Wako wanaodhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa mjini, au kwamba lahitaji vyombo vya fedha nyingi. Sisi twaona ya kuwa lawahusu sana watoto wa Masasi na Newala, tena kwamba sehemu yake iliyo ngumu haimo katika chombo. Tutaieleza sehemu hiyo hatua kwa hatua.

1. Safari ya mtoto mgonjwa

Mtu akisimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, huona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Akishuka upande wa magharibi atafika Masasi, penye vilima vya majabali. Nchi hii ni nzuri na watu wake ni wakulima hodari, lakini njia zake ni ndefu. Kutoka Masasi hata Mtwara mjini ni kiasi cha kilometa 200; na kutoka Mtwara hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 550. Wazee wakumbuka jinsi wasafiri walivyovuka mto Rufiji kwa kivuko, mpaka mwaka 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye jina la Rais Benjamin Mkapa aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Daraja lile limeondoa taabu kubwa, lakini halikuuondoa umbali.

Matibabu katika nchi yetu yamepangwa kama ngazi. Chini kabisa ni zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Masasi iko Hospitali ya Mkomaindo. Newala iko hospitali yake. Na huko Ndanda iko hospitali iliyoanzishwa na Wabenediktini. Mtwara iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na tena Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyoko Mitengo. Juu ya hizo ziko hospitali za Dar es Salaam, yaani Muhimbili, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako watoto wenye kasoro za moyo hupasuliwa na kutengenezwa.

Magonjwa mengi ya watoto, kama malaria, kuhara na homa ya mapafu, hutibiwa katika ngazi za chini, na ndivyo ipasavyo. Lakini yako mengine yatakayo jicho la bingwa. Mtoto amezaliwa na tundu katika moyo. Mwingine kichwa chake chaongezeka kuliko kawaida kwa sababu ya maji yaliyozuiliwa ndani. Mwingine nyayo zake zimegeuka ndani. Mwingine mboni ya jicho lake yang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, na mama adhani ni jambo dogo, kumbe pengine ni saratani ya jicho.

Sasa angalieni: kila mmoja wa watoto hawa ana wakati wake. Mguu uliopinda hunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, mara chache tu, kisha kwa viatu vya kuushikilia. Lakini yafaa kuanza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, mifupa ingali laini. Saratani ya jicho ikigunduliwa mapema mtoto huweza kupona. Ikichelewa hupoteza jicho, au uhai. Kichwa kijaacho maji kikiachwa, ubongo huumia. Kwa hiyo mtoto hana adui mmoja, bali wawili: ugonjwa na ucheleweshaji.

Ni nini kinachochelewesha? Mara nyingine ni fedha. Korosho huuzwa kuanzia mwezi wa 10, lakini mtoto haungoji mnada. Huugua mwezi wa 2, mvua zinyeshapo na nyumba haina akiba. Lakini uko ucheleweshaji mwingine usiosemwa sana, nao ni kutokujua. Mganga wa zahanati amtazama mtoto, hana hakika, ampa dawa ya kikohozi na kumwambia mama arudi. Mama arudi, apewa dawa nyingine. Hivyo miezi 3 yapita. Au mganga mwingine, kwa hofu, humtuma kila mtoto Mtwara. Mama auza mbuzi, asafiri siku nzima, kisha aambiwa ya kuwa mtoto wake angaliweza kutibiwa kule kule alikotoka. Huyu wa kwanza amepoteza wakati, na huyu wa pili amepoteza mali. Chanzo cha hasara zote mbili ni kimoja: jicho lijualo liko mbali.

Basi swali la somo letu ni hili: kama mtoto ni mzito kusafiri, je, ujuzi hauwezi kusafiri badala yake?

2. Habari ya Newala ya mwaka 1952

Swali hili si geni katika nchi ya Wamakonde. Mwaka 1952 ulizuka juu ya uwanda ugonjwa ambao waganga hawakuufahamu. Watu walishikwa ghafula na homa kali, na viungo vyao viliwauma hata wengine hawakuweza kujinyosha. Wenyeji waliutazama wakaupa jina kwa Kimakonde, chikungunya, yaani kitu kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson aliwachunguza wagonjwa, akaziandika dalili zao kwa uangalifu, wala hakulidharau jina lile la wenyeji. Kwa dalili zake ugonjwa ulifanana sana na homa ya dengi, na mtu asiyeangalia angalisema, Ni ile ile, akaishia hapo.

Lakini damu ya wagonjwa ilichunguzwa mbali, katika taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, Uganda. Na mwaka 1953 mtaalamu R. W. Ross alikipata ndani yake kirusi kipya. Mtaalamu mwingine, W. H. R. Lumsden, aliandika jinsi ugonjwa ulivyoenea. Juu ya uwanda hakuna mito. Maji yalifuatwa mbali na kuwekwa ndani ya nyumba katika vyombo, na katika maji yale huzaliana mbu wa namna ya Aedes, wanaouma mchana. Maandiko ya Robinson na ya Lumsden yalichapishwa mwaka 1955. Leo waganga wa India, wa Amerika na wa Ulaya wauita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde.

Twajifunza mambo matatu katika habari hii. Kwanza, mgonjwa alibaki Newala, na damu yake ndiyo iliyosafiri. Pili, wataalamu wa Entebbe wasingalikuwa na kitu cha kutafuta kama watu wa karibu wasingalitazama vizuri na kueleza walichokiona. Mama na mzee wa kijiji, waliosema ya kwamba ugonjwa huu humkunja mtu, walitoa habari ya kweli, nayo ikazunguka dunia nzima. Tatu, jibu lilichukua muda mrefu. Mtu aliyeugua mwaka 1952 hakufaidiwa na habari iliyochapishwa mwaka 1955. Siku hizi picha na maneno husafiri kutoka Newala hata Dar es Salaam kwa dakika moja. Lakini kumbukeni: habari mbaya nayo husafiri kwa dakika moja. Upesi wa njia hauwezi kuirekebisha barua iliyoandikwa vibaya.

3. Jinsi kazi hii ilivyoanza

Kabla ya siku zetu waganga wa upweke walikuwa wengi. Daktari mpasuaji Leader Stirling alikuja katika nchi ya Masasi mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi miaka mingi. Baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu mwaka 1975 hata 1980. Mganga wa siku zile, akipatwa na shaka usiku juu ya mtoto, alikuwa na kitabu chake, na barua ya posta, na maombi yake.

Mahali pengine palikuwa na taabu kama hiyo. Katika Australia mchungaji mmoja Mpresbiteri, John Flynn, alihuzunika kuona watu wa mashamba ya mbali wakifa bila mganga. Mwaka 1928 ilianza kazi ya waganga warukao kwa ndege. Lakini mgonjwa atamwitaje mganga, naye hana simu wala umeme? Fundi Alfred Traeger alitengeneza redio iliyoendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu, kama baiskeli. Nayo ilianza kutumika mwaka 1929. Katika Afrika Mashariki kazi ya waganga wa ndege ilianzishwa mwaka 1957, ndiyo ijulikanayo leo kwa jina la Amref. Tena mwaka 1998 Bwana Swinfen wa Uingereza na mkewe waliunda mfuko wa kuwasaidia waganga wa nchi maskini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa na hospitali moja ya Bangladesh, nayo ilitumia kamera ya kawaida na barua pepe.

Na katika Tanzania vilevile jambo hili si ndoto. Mwaka 2012 jarida moja la waganga lilichapisha habari za mtandao wa tiba uliowekwa ili kusaidia utunzaji wa watoto katika hospitali ndogo za vijijini katika nchi yetu. Angalieni ya kuwa watu hawa wote hawakungoja chombo kikubwa. Walitwaa chombo kilichopo, redio ya kukanyaga au kamera, wakakitengenezea utaratibu wa kuuliza na kujibu. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Nao waliweka njia ya kuuliza.

4. Namna ya kuuliza

Ziko njia mbili za tiba mtandao. Njia ya kwanza ni kuonana papo hapo: mganga wa karibu, mtoto na mama yake wakaa mbele ya kioo cha kompyuta, na bingwa huwaona na kusema nao kutoka mbali. Njia hii ni nzuri, lakini yataka mtandao wenye nguvu, na watu wawili wenye nafasi saa ile ile. Njia ya pili ni kuandika na kungoja: mganga huandika habari za mtoto, huambatisha picha, huzipeleka, na bingwa husoma apatapo nafasi, hata jioni, kisha hujibu. Kwa mahali ambapo mtandao hupatikana asubuhi na kupotea mchana, njia hii ya pili yafaa zaidi, kwa kuwa barua hungoja mpaka njia ifunguke.

Ili mambo yaeleweke, tuseme yuko mtoto katika kijiji kimoja cha ukingoni mwa uwanda. Mganga apeleka habari hizi: "Mtoto anakohoa na amekonda. Dawa hazimsaidii. Naomba ushauri." Bingwa atajibu nini? Atauliza maswali 10, na siku 2 zitapita katika kuulizana.

Sasa tuseme mganga yule aandika hivi: "Mtoto wa kike, umri miezi 5. Alizaliwa na kilo 3.0; leo ana kilo 4.2. Tangu mwezi wa pili huchoka akinyonya, na kichwa chake hutoka jasho. Nimehesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia, ni 64. Hana homa. Midomo yake si ya buluu. Nimesikia mvumo katika moyo. Amepewa dawa ya homa ya mapafu mara 2 bila nafuu. Swali langu: je, moyo wake una kasoro? Nimpe nini sasa, na nimpeleke wapi?"

Barua hii si ndefu, lakini bingwa wa watoto aisomapo atamwona mtoto yule kana kwamba amelala mbele yake. Kuchoka katika kunyonya, jasho, pumzi za haraka bila homa, na uzito usiopanda, haya yote hushuhudia moyo uliolemewa. Aweza kujibu siku ile ile: apimwe oksijeni ya damu kwa kile chombo kidogo cha kubana kidole, aanzishiwe dawa kwa kipimo hiki na hiki, apelekwe kwenye kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na siku imekwisha kuwekwa, lakini midomo ikigeuka buluu, au akishindwa kabisa kunyonya, asingoje siku hiyo, apelekwe mara moja. Mama asafiri akijua aendako, na aendako wajua ya kuwa anakuja.

Mmeona tofauti? Simu ni ile ile, mtandao ni ule ule, bingwa ni yule yule. Kilichobadilika ni uangalifu wa yule aliye karibu: alipima uzito badala ya kukisia, alihesabu pumzi dakika nzima badala ya kusema "zinakwenda mbio," alimwuliza mama akasikiliza, na mwisho aliuliza swali moja lililo wazi. Jicho la mbali haliwezi kuona ila kwa jicho la karibu. Hii ndiyo sehemu ngumu tuliyoitaja mwanzoni, na hakuna fundi awezaye kuitengeneza katika kiwanda.

Kutokana na hayo twafahamu pia faida ambayo wengi hawaifikiri. Mganga aliyeuliza mara moja juu ya mtoto mwenye moyo mgonjwa, akajibiwa na kuelezwa sababu, hatahitaji kuuliza yote tena ajapo mtoto wa pili. Kwa hiyo kila jibu jema humtibu mtoto mmoja na kumfundisha mganga mmoja.

5. Mipaka yake

Tusije tukawadanganya watu wakatazamia yasiyowezekana. Tiba mtandao haipasui, haimpi mtoto damu, wala haimpi oksijeni. Bingwa wa mbali akisema, "Mwekeni katika oksijeni," na mtungi hakuna, maneno yake ni upepo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, Sasa tuna mtandao, hatuhitaji tena vitanda, wala dawa, wala waganga vijijini. La, shauri lahitaji mikono ya kulitimiza, na mikono hiyo iko chini ya ngazi, siyo juu.

Tena, mtoto aliye katika hatari asingojeshwe kwa ajili ya jibu la simu. Dalili za hatari kwa mtoto hata atimize miaka 5 ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya; hutapika kila kitu; ameshikwa na degedege; amelegea mno au amezimia. Dalili moja tu yatosha. Aende hospitali sasa hivi, na maswali yafuate njiani. Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga uko mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Kwa kupiga simu namba 115 bila malipo husaidiwa kupata usafiri wa dharura mpaka mahali pa matibabu.

Jambo la tatu ni siri ya mtoto. Picha ya mtoto mgonjwa, pengine akiwa uchi, si picha ya kuonyeshana. Mganga aipige kwa ruhusa ya mzazi, aonyeshe sehemu inayohitajiwa tu, aipeleke kwa anayehusika tu. Serikali imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo katika ulinzi huo. Twasikitika kuona ndugu wengine, hata kwa nia njema, wakizirusha picha za watoto wagonjwa katika makundi ya simu wakiomba maombi au michango. Mtoto yule atakua. Na picha ile haitafutika.

Jambo la nne ni wadanganyifu. Mahali pafaapo pa kuuliza ni kati ya mganga na mganga, katika njia iliyowekwa na hospitali. Mtu asiyejulikana ajitangazaye katika simu kuwa ni daktari, akataka atumiwe fedha kabla ya kutuma dawa, huyo si tiba mtandao. Ni mwizi aliyevaa koti jeupe.

6. Yatupasayo sisi

Mtu aweza kusema, Haya ni mambo ya waganga. Sisi wainjilisti na washarika tuna sehemu gani? Twajibu: sehemu yetu ni kubwa, kwa kuwa kabla ya jicho la mganga liko jicho la nyumbani. Mnakumbuka wale watu wanne waliomchukua mwenye kupooza hata dari ikafunguliwa. Hawakuwa waganga, walikuwa wachukuzi, lakini bila wao asingalifika. Basi tuhesabu kazi nne za wachukuzi wa siku hizi.

Ya kwanza ni kutazama. Fundisheni wazazi kuhesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Kwa mwenye miezi 2 hata asiyetimiza mwaka, 50 au zaidi. Kwa mwenye mwaka 1 hata asiyetimiza miaka 5, 40 au zaidi. Wafundisheni kumtazama mtoto mchanga siku ya kwanza: nyayo, mdomo, mboni za macho, kichwa. Waonapo kasoro wasione haya. Mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu mguu wake umepinda hawezi kuonwa na jicho la karibu wala la mbali.

Ya pili ni kukumbuka. Kadi ya kliniki isitupwe wala isiachwe mvuani, maana uzito wa kila mwezi uliomo humwambia bingwa mambo ambayo mama mwenye hofu ameyasahau. Anayejua kuandika amsaidie jirani asiyejua, aandike siku ugonjwa ulipoanza, dawa zilizotolewa, na mabadiliko yaliyoonekana.

Ya tatu ni kuuliza kwa heshima. Mtoto akitibiwa mara 2 pasipo nafuu, mzazi aweza kumwambia mganga, "Daktari, tafadhali, je, yuko bingwa tunayeweza kumwuliza?" Maneno haya si matusi. Nasi tuwafundishe watu wasimdharau mganga aulizaye, kwa kusema hajui kazi. Mganga aogopaye kuuliza kwa sababu ya sifa yake humhatarisha mtoto. Na mara nyingi sisi ndio tuliomtia hofu ile kwa masengenyo yetu.

Ya nne ni kuchukuliana mizigo. Jibu la bingwa likisema, "Aje Mtwara siku ya Jumatatu," ndipo mzigo unapoanza. Nani atalisha watoto wengine? Nauli iko wapi? Usharika waweza kuweka akiba ndogo wakati wa korosho, kila nyumba kwa kadiri yake, ili itumike miezi ya mvua. Waweza kumchagua mama mmoja mwenye moyo wa kusindikiza, aijuaye hospitali. Tena mtoto akirudi, aweko mtu wa kuuliza, Dawa zimekwisha? Tarehe ya kurudi ni lini? Watoto wengi hufika kwa bingwa mara ya kwanza. Wanaopotea ni wale wa safari ya pili.

Basi mtu akituuliza, Watoto wa uwanda wa Makonde wakosa nini ili wapate mabingwa? hatutasema ya kuwa wakosa mtandao tu. Minara ya simu huendelea kujengwa. Lakini kumtazama mtoto kwa makini, kuandika kwa kweli, kuuliza bila kiburi, na kumchukua mtoto mpaka mwisho wa njia, haya hayajengwi na kampuni yo yote.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika habari ya Newala ya mwaka 1952, wenyeji waliwasaidiaje wataalamu wa mbali?
2. Tajeni dalili nne za hatari ambazo mtoto akiwa na moja tu hangojeshwi.
3. Someni tena barua mbili za mganga. Ni habari zipi za barua ya pili ambazo hata mzazi aweza kumpa mganga tayari?
4. Yuko mtoto gani katika kijiji chenu ambaye hajaonwa bado na mganga kwa sababu ya haya, au nauli, au kutokujua? Ni nani katika ninyi atakayekwenda kwao juma hili?